Mtoto wa Bawabu na Mtihani wa Ulinzi wa Kompyuta

Mwenye kupanda matatu ya namba 46 kutoka katikati ya jiji la Nairobi hupita Hurlingham, hupita Yaya, kisha huukaribia mtaa wa Lavington, wenye kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta, na malango yasiyofunguliwa mpaka mgeni ajieleze. Dakika chache baadaye kuta hizo hukoma. Barabara hujaa mikokoteni, vibanda vya mboga, mafundi wa viatu na wauza mitumba, na utingo hutangaza kuwa gari limefika mwisho. Hapo ndipo Kawangware 46, mahali palipopewa jina la njia ya matatu iishiayo hapo. Wengi wa wanaokesha kwenye malango ya Lavington hurudi kulala huku.

Tulifika hapo kumzuru jamaa yetu, binti wa Likoni aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita. Mumewe ni Mnubi aliyezaliwa Kibera, katika jamii ambayo mababu zake walikuwa askari wa jeshi la kikoloni waliopewa makao katika msitu ule mwanzoni mwa karne iliyopita. Yeye mwenyewe ni bawabu wa usiku. Mtoto wao wa kwanza, binti mwenye stashahada ya kompyuta, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kimataifa wa usalama wa kompyuta, ule wa ngazi ya kuanzia. Hatutawataja majina, kwa kuwa habari za nyumba ya mtu nazo ni amana.

Tulipoketi kunywa chai, mama wa binti alituuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza jambo la aibu: "Hebu niambieni, jamaa zangu. Huo mtihani unamfundisha kuzuia wizi, au unamfundisha kuiba? Maana kila nikipita nyuma yake namwona anasoma namna watu wanavyoibiwa."

Swali hilo ni la haki, na tunaamini wazazi wengi wanaosoma jarida hili wamewahi kujiuliza. Makala haya ni juhudi yetu ya kulijibu.

Simu iliyobeba akiba ya wanawake kumi na wawili

Ili msomaji aelewe kwa nini binti huyu alichagua njia hii, hatuna budi kueleza lililotokea mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili. Kila Jumamosi walichanga, na fedha zikakaa katika simu yake. Alasiri moja aliingiwa na ujumbe uliofanana kabisa na ujumbe wa fedha, ukisema ametumiwa shilingi elfu tatu. Punde akapiga mtu akilia kwamba amekosea namba. Baada yake akapiga mwingine, mwenye sauti ya upole na lugha ya ofisini, akajitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu, na kusema laini itafungwa endapo kosa hilo halitarekebishwa mara moja. Akamwongoza hatua kwa hatua. Mwisho akamwomba namba ya siri, "ili tuthibitishe tu, mama." Akaitaja. Shilingi 18,400 zikaondoka kabla hajaiweka simu chini.

Binti alikuwa chumbani humo humo, amevaa vidude vya masikioni, anasikiliza somo la mitandao. "Nilikuwa nasoma habari za seva zilizo ng'ambo," alituambia, "na mama yangu anaibiwa hatua mbili kutoka nilipokaa."

Mama hakumsimulia mtu yeyote maneno aliyoambiwa siku ile. Wanachama waliambiwa tu kuwa fedha zimepotea na kwamba atazilipa. Amekuwa akizilipa kwa mahamri na viazi karai anavyouza asubuhi kando ya kituo cha matatu, na tulipofika alikuwa ameshapita nusu.

Mtihani wenyewe ni upi?

Vyeti vya ngazi ya kuanzia viko vingi, lakini viwili hutajwa zaidi. Cha kwanza hutolewa na ISC2, shirika la kimataifa la wataalamu wa usalama wa kompyuta, nacho huitwa Certified in Cybersecurity. Mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza azma ya kuwafundisha na kuwatahini watu milioni moja bila malipo. Masomo yake yamegawika sehemu tano: misingi ya usalama, kuendeleza kazi wakati wa maafa, udhibiti wa nani aingie wapi, usalama wa mitandao, na uendeshaji wa kila siku. Anayetaka kujiandikisha aangalie kwanza masharti yaliyopo sasa, na asisahau kuwa baada ya kufaulu kuna ada ya kila mwaka ya dola 50 ya kukihifadhi cheti. Jambo hilo limewashtua wengi waliodhani kuwa bure ni bure mpaka mwisho.

Cha pili ni Security+ cha shirika la CompTIA. Toleo linaloitwa SY0-701 lilianza Novemba 2023. Mtahiniwa hupewa maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na baadhi ya maswali hayo si ya kuchagua jibu bali humtaka atende kazi yenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Ili kufaulu hana budi kupata alama 750 katika kipimo kinachoanzia 100 na kuishia 900. Maswali hugawika hivi: dhana za jumla asilimia 12, vitisho na udhaifu asilimia 22, usanifu asilimia 18, uendeshaji asilimia 28, na usimamizi wa mpango mzima asilimia 20. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha huhuishwa. Ada yake huhesabiwa kwa dola, na kwa fedha zetu hufika makumi ya maelfu ya shilingi, fedha ambazo nyumba nyingi za Kawangware hazijawahi kuziona pamoja siku moja.

Binti yetu alianza na masomo ya bure ya ISC2 ili ajenge msingi, kisha akauelekea mtihani wa Security+, kwa sababu ndio alioukuta katika matangazo ya kazi aliyokuwa akiyafuatilia. Mchana hufanya kazi katika duka la intaneti, yale ambayo watu wa mtaani huyaita saiba, akiwajazia watu fomu za serikali na kuchapa barua. Ada ya mtihani aliikusanya humo kwa miezi kumi na mmoja.

Nguzo tatu

Somo lote, alituambia, limesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni usiri: habari isimfikie asiyestahili. Ya pili ni uadilifu wa data: habari isibadilishwe na asiye na idhini, tarakimu iliyoandikwa jana isomeke vile vile leo. Ya tatu ni upatikanaji: mwenye haki ya kuipata habari aipate anapoihitaji.

Mama alipoyasikia haya alicheka. "Hayo si ndiyo mambo ya chama?" Akaeleza. Wanachama hawapendi watu wa nje wajue nani amekopa kiasi gani. Huo ni usiri. Daftari haliandikwi kwa kalamu ya risasi. Huo ni uadilifu. Na mwanachama aliyefiwa hawezi kuambiwa angoje mpaka mweka hazina arudi safari. Huo ni upatikanaji. Tangu siku ile binti huusoma kila mtego wa mtihani kwa kujiuliza ni nguzo ipi iliyovunjwa.

Nguzo ya tatu ndiyo watu huisahau, mpaka iwaguse. Mwezi wa Julai 2023 jukwaa la huduma za serikali ya Kenya, eCitizen, lilishambuliwa kwa kurundikiwa maombi ya uongo mpaka likashindwa kuwahudumia wenye haja. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini waliotaka pasipoti walikwama, na hata ununuzi wa tiketi za treni uliathirika. Mwizi hakuingia ndani ya nyumba. Alisimama mlangoni tu akazuia watu wasipite, na hasara ikapatikana.

Daftari la bawabu

Baba hurudi kazini baada ya sala ya Alfajiri, wakati ambapo binti ameshaanza kusoma. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Baba hunywa chai yake kimya kimya ili asimkatize, kisha hulala, na binti huenda kazini. Kwa muda mrefu hakujua mwanawe anasoma nini. Asubuhi moja akamwuliza, naye akamjibu kwa kumwuliza: "Baba, mgeni akija langoni unafanyaje?"

Baba akaeleza. Humwuliza jina na nyumba anayokwenda. Hutaka kitambulisho. Humpigia simu mwenye nyumba. Huandika katika daftari saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mgeni wa nyumba ya tatu haruhusiwi kuzurura mpaka nyumba ya tisa. Mlinzi mmoja hashiki funguo zote. Na nyuma ya lango kuna ukuta, nyuma ya ukuta kuna mbwa, nyuma ya mbwa kuna mlango wenye kufuli yake.

"Basi, baba," binti akasema, "umeshaumaliza mtihani wangu karibu nusu."

Hakuwa akimbembeleza. Kumtambua mgeni, kumthibitisha, kumpa ruhusa kwa kiasi cha haja yake tu, na kuweka kumbukumbu ya alichofanya, hizo ni sura nzima za vitabu vya usalama wa kompyuta. Ukuta, mbwa na kufuli huitwa kinga ya tabaka kwa tabaka: moja ikishindwa, nyingine isimame. Na funguo kugawanywa kwa watu mbalimbali ni mgawanyo wa majukumu, ambao chama cha mama kiliurejea baada ya msiba wa simu. Sasa wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mwanamke wake. Halifunguki mpaka wote watatu wawepo.

Kuthibitisha mtu kuna njia tatu: kwa kitu anachokijua, kama namba ya siri, kwa kitu alichonacho, kama laini ya simu au kadi, na kwa kitu alicho, kama alama ya kidole au uso. Njia mbili za aina tofauti ni bora kuliko moja. Namba mbili za siri si njia mbili, kwa sababu zote ni vitu vya kujua, na aliyehadaiwa ataje moja atahadaiwa ataje na ya pili. Swali la namna hii huwakwaza watahiniwa wengi. Sisi tuliona lina faida hata kwa asiyekusudia kufanya mtihani: anayekuomba namba ya siri, awe na sauti ya upole namna gani, anakuomba ufunguo wa nyumba. Aliye mhudumu wa kweli hauhitaji.

Karatasi ukutani na mwanachuoni wa Baghdad

Juu ya kitanda binti amebandika karatasi ya namba. Mawasiliano ya kompyuta hupitia milango yenye namba, na mtahiniwa hutakiwa kuijua iliyo maarufu: 22 ni wa kuiongoza kompyuta nyingine kwa usalama, 25 ni wa kutuma barua pepe, 53 ni wa kuyageuza majina ya tovuti kuwa anwani, 80 ni wa tovuti zisizofichwa, 443 ni wa tovuti zilizofichwa, 3389 ni wa kuendesha kompyuta ya mbali yenye Windows. Mdogo wake wa darasa la sita amezihifadhi zote kwa kumsikiliza tu, na humsahihisha bila kuulizwa.

Sehemu iliyomtesa zaidi ni usimbaji fiche, ufundi wa kuficha maandishi ili asiyekuwa na ufunguo asiyaelewe. Tulifurahi kumkumbusha kuwa somo hilo si geni katika historia ya Waislamu. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad, aliandika risala ya namna ya kuyafichua maandishi yaliyofichwa. Aliona kuwa herufi za lugha hazitumiki kwa kiwango sawa. Basi ukizihesabu alama za maandishi ya siri, ile inayojirudia zaidi yaelekea inasimamia herufi inayotumika zaidi katika lugha hiyo. Msomaji anaweza kulijaribu hili nyumbani na watoto: chukueni ukurasa wowote wa Kiswahili mhesabu herufi. Mtakuta A imezipita zote. Mwenye kujificha kwa kubadilisha herufi moja kwa nyingine tu hajajificha kwa anayejua kuhesabu, na ndiyo maana usimbaji wa siku hizi umekuwa mgumu zaidi.

Namba za siri zenyewe hazipaswi kuhifadhiwa wazi katika kompyuta za mashirika. Hupitishwa katika njia iitwayo hashi, ambayo binti aliieleza kwa mfano wa kinu: mahindi yale yale yakisagwa hutoa unga ule ule, lakini hakuna awezaye kuurudisha unga uwe mahindi. Unapoandika namba yako, kompyuta huisaga upya na kulinganisha unga kwa unga.

Faili ya shilingi elfu moja na mia tano

Sasa tunafikia jambo lililotufanya tuiandike habari hii.

Wiki tatu kabla ya mtihani, kijana mmoja wa pale saiba alimwambia binti kuwa anapoteza muda. Alikuwa na faili iliyosemekana kuwa na maswali halisi ya mtihani pamoja na majibu yake. Bei ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano. Alimwonyesha na cheti cha mtu aliyefaulu kwa njia hiyo bila kusoma sura hata moja.

Binti hakutuficha: alilipa. Ada ya mtihani ilikuwa jasho la miezi kumi na mmoja, na hofu ya kuipoteza ilimzidi. Faili ikaingia katika kipakatalishi chake, ikakaa siku mbili bila kufunguliwa. Kila shirika la mitihani ya namna hii humtaka mtahiniwa aahidi kuwa hatatumia wala kusambaza maswali yaliyoibwa, na lina haki ya kumnyang'anya cheti akigundulika. ISC2 humtaka pia akubali kanuni za maadili zinazomwamuru atende kwa heshima, uaminifu na haki. Hayo yote aliyajua. Na alijua, kama mwanafunzi wa usalama, kwamba faili inayouzwa gizani ni mahali pazuri pa kufichia programu hasidi. Hata hivyo hakuifuta.

Asubuhi ya tatu alimwambia baba yake. Baba hakupandisha sauti. Alimaliza chai, akasema: "Kule kazini, nikimwuzia mtu ufunguo wa lango, na usiku ule kisiibwe kitu, nitakuwa mlinzi au mwizi?" Kisha akajilaza akafunika uso, kama afanyavyo kila siku.

Binti akaifuta faili, na kwa tahadhari akaipangusa kompyuta yote na kuanza upya.

Tungependa kuandika kuwa alifaulu. Hakufaulu. Alipata alama 728, akipungukiwa na 22. Ada haikurudi. Wiki ile ile yule kijana aliweka picha ya cheti chake katika WhatsApp, akapongezwa na watu wengi. Hatukusikia kuwa amepatikana na jambo lolote, na hatuandiki haya ili kumwombea mabaya. Lakini tunauliza, ndugu msomaji: siku moja mmoja wa vijana hawa wawili atapewa funguo za hospitali yenye habari za magonjwa yetu, au za chama cha akiba chenye fedha za wajane. Ungependa awe yupi? Cheti hiki hakina maana nyingine ila kumwambia mwajiri kuwa mtu huyu anaweza kuaminiwa na vitu vya watu. Aliyeupata kwa kuiba, ushahidi wake umejikana wenyewe.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali la mama. Mtihani humfundisha mtu namna wizi unavyofanyika, kama bawabu anavyojua ukuta unarukiwa wapi. Kitakachoamua ujuzi huo utumike upande upi hakimo katika maswali 90. Kimo katika malezi aliyokwenda nayo chumba cha mtihani.

Nasaha kwa familia zenye watahiniwa

Kutokana na tuliyoyaona, tunazo nasaha chache.

Kwanza, masomo mazuri yasiyo na malipo yapo. Kwa Security+, mwalimu Mmarekani ajulikanaye kama Professor Messer ameweka video za mtaala mzima bila malipo. Zipakuliwe usiku pale bando linapokuwa nafuu, zisikilizwe mchana. Mitihani hii haitolewi kwa Kiswahili, basi mtahiniwa aandike istilahi za Kiingereza upande mmoja wa kadi na maelezo yake kwa Kiswahili upande wa pili. Asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mama yake hajalielewa.

Pili, majina. Wengi wetu jina limeandikwa Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha shule na Mohammed katika pasipoti. Kituo cha mtihani hutaka jina la usajili lilingane na la kitambulisho. Lirekebishwe wiki kadhaa kabla, si mlangoni. Na dada zetu wavaao hijabu au nikabu wawasiliane na kituo mapema waombe wakaguliwe na mwanamke, kwa kuwa kila mtahiniwa hukaguliwa kabla ya kuingia.

Tatu, mazoezi yafanywe katika kompyuta yako mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni tano, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kijana akisema "nilikuwa najaribu tu", mahakama haitamwelewa.

Nne, kazi zipo, ila hazianguki kutoka mbinguni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaka taasisi zilinde habari za watu, na habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, kamishna wa data aarifiwe ndani ya saa 72. Shule, zahanati na vyama vya akiba vyote vimo. Wengi wao hawajui waanzie wapi, na mtahiniwa mwenye subira anaweza kuanza kwa kuwasaidia walio karibu naye.

Sanduku la kufuli tatu

Binti alitaka kuacha. Ada ya pili ingemchukua karibu mwaka mwingine. Mama ndiye aliyelipeleka jambo katika chama, akaomba mkopo usio na riba wa nusu ya ada. Tulikuwapo Jumamosi hiyo, tumeketi mkekani pamoja nao.

Mwanachama mmoja alisema waziwazi: "Fedha zetu ziliondoka kwa simu ya mama. Leo zitoke tena kwa mtihani wa mtoto?" Maneno yalikuwa makali, lakini hayakuwa ya uongo, na kwa kitambo hakuna aliyejibu.

Ndipo mama akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyasimulia maneno ya yule mhudumu wa uongo, moja baada ya jingine, mpaka akaiiga na sauti yake: "Ili tuthibitishe tu, mama." Mwanamke mmoja wa nyuma akainua mkono. Naye aliwahi kupigiwa na sauti hiyo. Kisha akainua wa pili, na wa tatu akasema ametoa shilingi elfu sita na mumewe hajui hadi leo. Kumbe mwaka mzima kila mmoja alikuwa ameficha aibu yake peke yake, na mwizi akaendelea kupita nyumba hadi nyumba kwa maneno yale yale.

Walijadiliana mpaka karibu na Alasiri. Waliafikiana wamkopeshe, kwa sharti kwamba kila Jumamosi mpaka siku ya mtihani awafundishe somo moja alilosoma, kwa Kiswahili, wao na mabinti zao. Mwanachama aliyepinga ndiye mshika ufunguo wa tatu. Alikaa kidogo, kisha akaufungua mshipi wa leso, akautoa.

Mtihani wa pili ni mwezi ujao. Karatasi ya namba ingali ukutani, na baba anaendelea kurudi Alfajiri na kunywa chai kimya kimya. Tulipokuwa tukiaga, mama alitusindikiza hadi kituoni na kutufungia mahamri ya safari. Simu yake ikalia, namba asiyoijua. Akaisikiliza kidogo, akasema kwa adabu, "Samahani, mwanangu, namba ya siri haitolewi," akaikata, akaendelea kutuuliza habari za Likoni.

Tunamwombea binti huyu, na kila mtoto wa nyumba zetu aketiye mbele ya kompyuta akitafuta riziki ya halali, Mwenyezi Mungu amfungulie. Wabillahi tawfiq.